Soli Iliyobanduka Njia ya Juu ya Bigwa

Raba zile nilizipenda nikiwa bado nimesimama mbele ya meza ya mitumba. Za mpira wa kikapu, mtindo wa zamani, nyeupe zenye mstari mwekundu, shingo inapanda hadi juu ya kifundo. Ndani sponji nene. Ukitia mguu unajisikia umeshikwa vizuri. Ila zilinizidi. Muuzaji akasokota gazeti, akalisukuma mbele kwenye vidole.

"Kaza kamba, dada. Ona sasa! Umetokelezea."

Nikakaza. Mafundo mawili mawili, kila mguu.

Kesho yake nikampandisha mwanangu kwa mama yangu, anayelima kabichi mlimani, juu ya Bigwa. Binti ana miezi minane, nilimbeba mgongoni kwa kanga. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unateleza. Pale njia inapobana, huku mlima, huku korongo, nikasikia kitu kimechanika chini yangu. Soli ya kushoto ilikuwa imebanduka kutoka vidoleni mpaka karibu na kisigino. Gundi tupu! Yule mshenzi alibandika viatu vilivyokufa, akavipaka rangi, akanisifia.

Nikipiga hatua, soli inajikunja chini ya mguu. Nikiinama nifungue kamba, mtoto anateleza kuja shingoni, kichwa kinaelekea korongoni. Nilijaribu mara moja tu. Nikabaki nimeng'ang'ania tawi, mkojo umenibana, na yeye huko mgongoni anacheka, ananivuta nywele.

Mama mmoja akawa anashuka pekupeku, tenga la mboga kichwani.

"Shikamoo mama. Nisaidie, nitaanguka na mtoto."

"Marahaba. Usitikisike." Akatua tenga, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuhangaika na mafundo yangu. "Hee! Ulikuwa unafunga mguu au mbuzi?"

Sikuweza kucheka. Alipozivua zote mbili, tope la baridi likaingia katikati ya vidole, na kwa mara ya kwanza nikahisi nimesimama.

Nilipofika, mama yangu aliuliza mbona niko peku. Nikamwambia viatu vilinibana.

Niliporudi mjini nilimwendea muuzaji, raba ya kushoto mkononi, soli inaning'inia. Akaitazama, akatabasamu.

"Dada, hizo ni za kutokea. Nani alikwambia upande nazo mlima?"

Nikamrushia ile raba usoni. Nikamkosa.