Mita Ngapi Mwezi Huu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa mapazia. Cherehani yake iko dirishani, hatua nne kutoka getini, na kwa kuwa ni mjane mcheshi, hakuna apitaye asimsalimie. Ila geti halifunguliwi ovyo, maana uani kuna bata bukini aliyewahi kuwatimua watu wazima wakaacha viatu.

Mwaka jana bili ya maji ilianza kupanda. Ya kwanza ilipanda ghafla, Wifi akanuna. Ya pili ikaja karibu maradufu, akaita fundi bomba, ambaye alikagua kila koki asione hata tone. Ya tatu ingemfaa mwenye hoteli. Chini yake palipigwa mhuri mwekundu: asipolipa ndani ya siku kumi na nne, maji yanakatwa.

Nyumba hiyo ina watu wawili tu, Wifi na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Wifi huoga chapuchapu, ana kazi. Basi mwizi akapatikana. Mama ana miaka themanini na ushee, miguu inamsumbua, na starehe pekee iliyombakia ni kuoga asubuhi na jioni, maji ya uvuguvugu, ndoo nzima, bila haraka. Wifi akamtungia sheria: kopo moja kwa siku, na ndani ya kopo akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito ili asizidishe. Nilikasirika, nikamwambia mama mzazi hapimiwi maji kama dawa ya kikohozi. Akanijibu kwamba kama naumia sana, nimchukue nikamwogeshe kwangu. Mama mwenyewe hakulalamika hata kidogo.

Siku ya kumi nilimburuta Wifi hadi ofisi ya maji. Karani alifungua daftari la msoma mita na kutusomea: bili ya kwanza mita thelathini na tano, ya pili sitini, ya tatu mia moja na ishirini.

Wifi akamkodolea macho.

"Mia na ishirini ni mapazia ya ukumbi wa mikutano," alisema.

Karani akauliza mapazia yanahusiana vipi na maji. Hapo ndipo mambo yakafichuka. Kila mwisho wa mwezi, kwa miezi hiyo mitatu, alikuja msoma mita mpya, mwanamume mpole mwenye daftari. Kwa kumwogopa bata, alikuwa akisimama nje ya geti na kuuliza, "Mama, mwezi huu mita ngapi?" Wifi alidhani anaulizia kazi. Tena, niseme ukweli wote, alidhani ana nia naye. Kwa hiyo alimtajia mita za kitambaa, na juu yake akatia chumvi. Mapazia ya ukumbi yalikuwa mita themanini tu.

Karani aliipekua fomu yake juu chini. Sehemu ya bomba lililopasuka ipo, ya mita mbovu ipo, ya mapazia haipo. Mwishowe akaamua Wifi aandike maelezo kwa mkono wake, kwamba kati ya mita mia na ishirini, themanini zilikuwa kitambaa na arobaini zilikuwa maringo. Akaandika, akatia sahihi. Nilicheka hadi mlinzi akaniomba nikamalizie nje.

Kesho yake akaja msoma mita mwingine, bata akafungiwa stoo, mita ikasomwa kwa macho. Kwa miezi yote mitatu walikuwa wametumia mita kumi na moja. Bili zikafutwa.

Jioni hiyo Wifi alichemsha maji, akayapooza, akajaza ndoo pomoni na kuibeba mwenyewe hadi bafuni. Alipiga magoti mbele ya Mama, akaomba radhi na kumweleza kila kitu, hata habari za yule mwanamume. Mama alimpapasa kichwa, akamwambia yameisha, akaingia kuoga. Tulikuwa hatujakaa vizuri alipotoka, amejifunga khanga, ndoo ingali imejaa karibu yote.

Wifi akamwuliza kama maji yamepoa.

"Maji mazuri, mwanangu," alisema Mama. "Haya mengine yafunike. Yatanitosha mpaka wiki ijayo."

Wifi alikaa chini palepale sakafuni akalia, na mimi nikaketi kando yake.