Tulipokwenda Nachingwea Kupima Mashine ya Majani

Nilianza kuhesabu hasara kabla basi halijatoka Ruangwa. Dada yangu alikaa pembeni yangu, kamba ya katani ameizungusha kiganjani, ametulia kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa natoka jasho, tena mwezi wa saba, kwenye kibaridi kile ambacho huku kwetu hata mbuzi wangevaa koti kama wangekuwa na mfuko wa kuwekea mikono.

Dada ana shamba la mikorosho Malolo, aliloachiwa na marehemu mume wake. Korosho huwa hatuipandii mtini, tunaingoja ianguke, tunaiokota. Nyasi zikiwa ndefu chini ya mti unaokota nusu, nusu nyingine inaliwa na panya. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya msimu, chini ya mikorosho lazima pawe peupe kama mbele ya nyumba ya bibi harusi. Miaka yote dada alifyeka mwenyewe, na siwadanganyi, nyasi zilikuwa zinalala chini zikimwona tu anakuja na fyekeo. Halafu nyonga ikamharibikia. Akifyeka safu moja, siku inayofuata hawezi kuinuka mkekani.

Shemeji yetu, mdogo wa marehemu, akaanza kupita jioni na maneno ya asali. "Shemeji, nipe mimi nilitunze hilo shamba. Wewe upumzike." Sote tulielewa kwamba mapumziko ya namna hiyo hayana mwisho. Shamba likishaingia mkononi mwake, dada angebaki kulisikia kwa majirani.

Ndipo dada akasikia kwamba Nachingwea kuna mtu anauza mashine za mtumba za kukatia majani, zile za kukalia, mfano wa trekta lililokatazwa kukua. Bei yake ilikuwa ya chini, lakini bado ingemeza ufuta wake wote wa mwaka. Mashine ikiwa nzima, shamba linabaki lake. Ikiwa kopo, hana ufuta, hana mashine, na shemeji yuko barazani anasubiri.

Mkaguzi nikateuliwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikiwa na mvi, kwenye darasa ambalo popo walikuwa wengi kuliko wanafunzi na walihudhuria vizuri zaidi. Tangu hapo ukoo wetu unaamini kwamba mtu aliyeelewa fizikia gizani anaweza kukagua chochote, kuanzia dishi la televisheni hadi wachumba. Wiki nzima nilisoma habari za mashine hizo kwenye simu mpaka simu ikapata homa. Kila nilichosoma kiliniongezea hofu, kwa maana kumbe kuna njia elfu moja za kupaka rangi kitu kilichooza.

Muuzaji alitupokea kwa vicheko. "Shikamoo mama! Karibu mwalimu! Mashine yenu hii hapa, inawasubiri kama mtoto wa kambo."

"Marahaba," dada akasema. "Watoto wa kambo nawajua. Tuione kwanza."

Ilikuwa nyekundu, imeoshwa, imepakwa mafuta hadi inateleza machoni. Niliweka kiganja kwenye injini, ikaniunguza.

"Umeiwasha leo?"

"Kidogo tu, mwalimu. Kuiamsha."

Injini ya moto inamwitikia yeyote, ugonjwa wake unauona asubuhi ikiwa baridi. Nikasema tutasubiri ipoe. Muuzaji akacheka, akaangalia saa, akacheka tena, safari hii kidogo.

Tukiwa tunasubiri, dada alizunguka mashine mara kadhaa, kisha akasema, "Igeuzeni. Nione chini."

"Mama, chini kuna nini? Ni visu na bati tu."

"Nimeuza korosho tangu hujazaliwa. Hakuna gunia linalopimwa kwa juu. Igeuzeni."

Ni kweli. Ghalani korosho hazitazamwi za mdomoni mwa gunia. Wanachota za katikati na za chini, wanazikata, wanaangalia ndani. Nilikuwa nimesoma wiki nzima kuhusu tumbo la mashine na nikaona haya kumwambia mtu aisimamishe kwa ubavu mbele ya wateja wengine. Dada hakuona haya yoyote. Vijana wa pale wakaiegemeza ubavuni, akachukua spana akagonga bati la chini, hatua kwa hatua, kichwa amekiinamisha kama anasikiliza siri. Tii, tii, tii. Sehemu moja ikasema "pu".

Nilidhani ndiyo kifo chetu. Nikakwangua kwa kucha, kisha kwa spana. Palikuwa na kiraka kilichochomelewa, cha bati nene kuliko bati lenyewe, rangi imepakwa juu. Halikuwa tundu lililozibwa kwa gundi na rangi tu, ambalo ndilo nililoogopa. Visu vilikuwa vimelika lakini havijapinda. Nikatikisa magurudumu ya mbele, yakacheza kidogo, kama meno ya mzee anayeweza bado kutafuna muhogo.

Injini ilipopoa, dada akanitazama. Nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Nikageuza tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, na mimi nikaona safari nzima ya kurudi Malolo mikono mitupu, na tabasamu la shemeji. Mara ya tatu ikashika. Moshi ukapungua, ukaisha. Nikapumua kana kwamba nilikuwa chini ya maji tangu mwaka juzi.

"Bado," dada akasema, akafungua ile kamba yake. Ilikuwa na fundo. Alikuwa ameipima shambani, kutoka ardhini hadi kwenye matawi ya chini ya mikorosho mikubwa. Akaagiza ifungwe kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi kilichoegeshwa pale, kimo cha lile fundo. "Hapa ndipo tawi lilipo. Sasa nipite."

"Mama, mwache mwalimu apande."

"Mwalimu ana shamba?"

Akapanda yeye. Akaenda polepole, akakaribia kamba, akainama mbele kama anavyoinama kila mtu anayepita chini ya mkorosho. Mashine ikazima.

Tukaiwasha, ikakubali. Akarudi, akainama, ikazima. Mara ya tatu hivyo hivyo. Muuzaji akaacha kucheka kabisa. Dada alibaki kwenye kiti, mikono juu ya usukani. Nilimwona akitazama kamba, na nilijua anachokiona si kamba.

Nikazunguka mashine kama kuku aliyepoteza kifaranga. Kabureta? Betri? Ubavuni mwa kiti nikaona kibandiko kilichofifia, kina picha ya mtu ananyanyuka na visu vimesimama. Nikakumbuka nilisoma jambo hilo simuni nikiwa nusu usingizini. Nikaiwasha, nikamwambia dada akae wima, kisha anyanyue makalio kidogo. Ikazima. Akae, niwashe, asiiname. Ikaendelea kunguruma.

"Haijaharibika," nikasema. "Chini ya kiti kuna swichi. Ukinyanyuka inadhani umeanguka, inasimamisha visu. Ukiinama hivyo, uzito unatoka kitini."

Muuzaji akafufuka. "Ah! Hiyo mbona ndogo! Naunganisha waya, dakika mbili, hata ukipanda mtini itaendelea. Wote nawafungia."

Dada akanigeukia. "Ingekuwa unaipanda wewe, ungemwacha afunge?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ndiyo ingemaliza kila kitu, tungepakia twende zetu. Lakini nilikuwa nimeviona vile visu, na nikaliona tawi linamsukuma, na nyonga ile isiyoweza kuruka pembeni. "Nisingekubali," nikasema.

"Basi hafungi."

"Sasa mama utapitaje?" muuzaji akauliza.

Marehemu hakutaka matawi ya chini yaguswe. Alipenda yainamie chini, akisema anataka kuokota korosho akiwa amekaa kivulini kama sultani. Tangu afariki hakuna aliyeyapunguza. Dada akafungua kamba taratibu, akaizungusha tena kiganjani.

"Nitayakata," akasema. "Pakieni."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuka kwenye kirikuu kuangalia kama mashine bado ipo, kana kwamba ingeweza kushuka na kurudi Nachingwea kwa miguu.

Wiki ile ile matawi yalikatwa. Aliyeyakata, kwa panga la dada, ni shemeji mwenyewe. Alikuja kuona hasara, akakuta anapewa kazi. Dada alikuwa nyuma yake juu ya mashine, mtandio umefungwa kiunoni, nyasi zinaruka ubavuni, na mimi nyuma yao na reki, nikisikiliza kila mlio kama daktari.

Hofu haijaniisha hadi leo. Mashine ile huzima ghafla mara nyingi kwa siku, na kila inapozima nasimamisha reki: mkanda umekatika, injini imekufa, dada yuko chini. Nasikiliza. Halafu kutoka nyuma ya mikorosho inakuja sauti yake, maana amenyanyuka kitini ili asikike vizuri:

"Shemeji! Hilo tawi umeliacha la nani?"

Ndipo naendelea kukusanya nyasi.