Pampu ya Mjomba

Wapakiaji wa pale kiwanjani walimwita Kapteni Mizani, naye hakuchukia. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria kumi na wawili, mwanamke mfupi wa maneno machache. Kabla ya kila safari alichukua karatasi ya uzito, akazunguka hadi mkiani, akafungua mlango wa mizigo na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopakiwa. Wenzake wengine walitia sahihi ofisini, chai mkononi.

Asubuhi moja miongoni mwa abiria alikuwamo mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Mzee alikuwa na furaha. Shamba lake lilikuwa limekaa misimu miwili bila maji, na sasa maji yalikuwa njiani. Kila aliyeketi karibu naye ukumbini alikwisha kuambiwa kwamba rubani wa leo ni mpwa wake.

Karatasi ilisema nyuma kuna kilo mia na arobaini. Lakini rubani alipoikaribia ndege aliona pua imeinuka kuliko kawaida. Akafungua mlango. Nyuma ya magunia ya barua, chini ya turubai, palikuwa na pampu ya maji ya chuma.

"Hii imeandikwa wapi?"

Mkuu wa wapakiaji alijikuna kichwa. "Kapteni, mzee alisema wewe umeruhusu. Nikaona ni mambo ya kifamilia."

"Ishushe. Ipime."

Kilo themanini na sita. Mzigo kama huo mkiani huvuta nyuma, na ndege ikishapaa pua yake huweza kukataa kushuka. Kuisogeza mbele hakukuwezekana: viti vilikuwa vimejaa, na uzito wa jumla ulishafika kikomo.

Mjomba aliiona pampu yake ikiwa chini, akatoka kwenye foleni.

"Mjomba, hii inabaki. Itakuja na ndege ya mizigo."

"Inabaki? Fundi ananisubiri shambani! Kesho anaondoka."

"Pole, mjomba. Siwezi kuruka nayo."

"Kilo themanini tu! Mimi nilikubeba mgongoni una homa, hadi hospitali. Nilikupima?"

Rubani aliitazama karatasi, kisha akamtazama mzee.

"Ulinibeba peke yangu, mjomba. Mimi nimewabeba hawa wote."

"Basi nami sipandi."

Akaketi juu ya pampu, akawapa wote mgongo. Rubani alisubiri kidogo. Alipoona mzee hageuki, alifuta jina lake, akapiga hesabu upya, akatia sahihi na kuondoka. Safari ilikuwa shwari. Walipotua, alikaa dakika kadhaa kwenye kiti chake baada ya abiria kushuka.

Pampu ilifika siku mbili baadaye. Fundi alikuwa ameshaondoka, na hakurudi hadi wiki ya tatu. Nusu ya miche ikakauka. Kwa miezi minne mjomba hakupokea simu ya mpwa wake. Mke wa mjomba ndiye aliyepokea, akasema kwa sauti ya chini, "Yupo hapa, ila amenuna kama mtoto."

Rubani alipopata likizo alikwenda mwenyewe shambani. Mjomba aliitikia shikamoo, akamuuliza hali, akampeleka kuona mboga. Habari ya ndege haikutajwa.

Tangu siku ile ya pampu mzee husafiri kwa basi, siku moja na nusu barabarani. Husema kwenye basi mtu ananyoosha miguu.