Shati la Kaki la Babu Yotham

Kabla gari halijatoka Nzuguni, pembeni mwa Dodoma mjini, Devota alikuwa ameshapiga picha nyingi kuliko alizopiga mwaka mzima. Alimpiga Tumsifu, binti yake wa miaka sita, amekaa juu ya boneti. Akampiga Abeli wa miaka mitatu akiwa na kiatu kimoja, kingine kimepotelea chini ya siti. Akampiga mumewe Silvano akipakia dumu la maji.

"Mama Tumsifu, utaimaliza simu tukiwa bado nyumbani," Silvano akasema.

"Najaribu tu. Nisije nikafika kule mkono ukatetemeka."

Gari lilikuwa Probox ya Ludovick, kaka yake Silvano. Alikuwa amewaazima kwa siku ile moja, kwa sharti kwamba watoto wasile zabibu ndani na kwamba saa kumi jioni wawe wameshaanza safari ya kurudi.

Devota ni mtu wa chapati. Pale Nzuguni wanamjua kwa hilo kuliko kwa jina lake. Hana maneno mengi. Ukimsifia chapati zake atasema "haya" na kuendelea kusukuma. Alilelewa na bibi yake, Zipora, na babu yake, Yotham, huko kwa Wasandawe, ukishapita Chemba ukakata kushoto. Mama yake alifariki yeye hajaota meno, kwa hiyo bibi na babu ndio waliokuwa mama na baba. Babu alimwita mke wangu mdogo, na Bibi kwa utani akamwita mke mwenza. Mpaka leo anamwita hivyo.

Sasa, miaka mitatu nyuma Babu Yotham alifariki, ikatakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Nyumba ikapekuliwa, makopo yakamwagwa, ikapatikana moja tu, ile ya kwenye kitambulisho cha kupigia kura. Mjomba Eliakimu, anayekaa na Bibi, akakituma kwa basi, Devota akakipeleka studio mjini ili picha ikuzwe. Kijana wa studio akaona shati la mzee lina kola iliyochanika. Akamhurumia. Akamvalisha suti nyeusi na tai nyekundu kwenye kompyuta, nyuma akaweka maua. Devota alikuwa analia, hakuangalia vizuri. Alilipa, ikafungwa gazeti, akawahi gari.

Ilipofunguliwa msibani, kichwa kilikuwa cha Babu. Kuanzia shingoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Watu wakasema amependeza. Bibi Zipora aliitazama, na baada ya mazishi ikatundikwa ukutani.

Tangu siku ile Devota alikuwa na jambo moja moyoni. Bibi apigwe picha yake, na nguo zake, kabla. Hiyo "kabla" hakuwahi kuimalizia hata kichwani mwake.

Basi wakapita Msalato, wakapita Makutupora, milima ya Chenene ikaja na kubaki nyuma. Abeli alitapika mara moja, kabla ya Haneti, kwenye mfuko, akasifiwa na familia nzima. Devota alikuwa anamfundisha Tumsifu kugonga ulimi, maana Kisandawe kina maneno ambayo nusu yake ni kuongea na nusu ni kugonga. Tumsifu aligonga, mate yakaruka mpaka kwenye kioo.

"Usijali, mwanangu," Silvano akasema. Yeye ni Mgogo wa Mvumi. "Mimi nina miaka minane kwenye ukoo huu. Neno ninalolijua ni moja, nalo nikilisema wanashika mbavu."

"Bibi Zipora ana meno?" Tumsifu akauliza.

"Utamwona mwenyewe."

Walimkuta Bibi uani, anapepeta uwele kwenye ungo. Hakuuweka chini. Alipepeta mpaka mwisho, akapuliza makapi, ndipo akanyanyua uso.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Na wewe mume wangu, mbona umekuja na tumbo? Chapati zote unakula wewe, wateja wanabaki na nini?"

"Wanabaki na harufu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Tumsifu akajitokeza akagonga ulimi, mate yakaruka. Bibi akamshika kidevu, akamfungua mdomo kama anayekagua mbuzi mnadani, akamwonyesha ulimi unakaa wapi. Walifanya hivyo kwa muda mrefu, mmoja anagonga, mwingine anarusha mate. Devota akaona huo ndio wakati. Akatoa simu.

Bibi akavuta khanga akajifunika uso.

"Weka hiyo."

"Moja tu, Bibi."

"Eliakimu kaniambia. Mnakuja kunipiga ya kukuza." Sauti ilitoka ndani ya khanga. "Nani kawaambia naumwa?"

"Hakuna, Bibi."

"Sasa ya kukuza ya nini?"

"Ya ukutani tu. Ya kumbukumbu," Devota akasema, na masikio yakampata moto, maana si hodari wa kudanganya.

"Ukuta wangu una picha moja. Na yule aliyemo simjui."

Mjomba Eliakimu, ambaye ndiye mwenye mdomo, akakumbuka kwamba kuna kuku wa kukimbizwa, akaondoka.

Walikula ugali wa uwele na mlenda, na yule kuku. Devota alipiga kila kitu. Alipiga kinu, mbuzi, Abeli amelala ndani ya ungo, na Mjomba na baiskeli yake, ambaye aliomba apigwe tena kwa upande wa pili. Silvano alijificha nyuma ya ghala amwibie Bibi picha moja. Bibi, bila kugeuka, akasema, "Mume wangu, hapo ulipo pana siafu." Na kweli palikuwa na siafu.

Saa tisa ikafika. Silvano akaanza kuangalia matairi, ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Devota akamfuata Bibi kwenye vyombo. Akachota majivu, akashika sufuria, wakasugua pamoja kama zamani. Akasugua ile ya kwanza yote, na ya pili, ndipo akasema.

"Bibi, nimekudanganya. Picha ni ya siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku yako."

Bibi hakuacha kusugua. "Endelea."

"Babu nilimpeleka mjini mimi. Akarudi kavalishwa nguo za mtu, na aliyelipa ni mimi. Sikuangalia. Watu wanasema kapendeza, mimi nikiingia humo ndani natazama chini." Akafuta pua kwa mkono, majivu yakabaki usoni. "Sitaki na wewe wakuvalishe. Usipotaka, basi. Lakini nisikudanganye."

Bibi akaweka sufuria chini. Akamtazama.

"Kumbe na wewe uliliona?"

"Niliona, Bibi."

"Miaka mitatu," Bibi akasema. "Miaka mitatu nilidhani nimeliona peke yangu. Nikasema watoto wa mjini labda ndivyo walivyompenda, nikanyamaza. Kila asubuhi naamka, yule bwana wa tai ananitazama."

Akainuka kwa kushika bega la Devota, akaingia ndani. Alikaa sana. Lilisikika sanduku likifunguliwa, vitu vikitolewa. Silvano aliangalia saa, akamwangalia mkewe, akaacha kuangalia saa.

Bibi alitoka na ile fremu kwapani, na mkononi shati la kaki. Devota alilijua kabla halijakunjuliwa. Kola ilikuwa imechanika palepale, kifungo cha pili kilikuwa cha rangi nyingine, cha bluu, alikishona mwenyewe akiwa darasa la tatu. Shati hilo Babu alililimia, alilichungia, alilivaa kanisani Jumapili baada ya kufuliwa Jumamosi.

Bibi akaisimamisha fremu juu ya kigoda. Akaivalisha shati. Akafunga vifungo kimoja kimoja, taratibu, kuanzia chini, mpaka tai nyekundu ikapotea, suti ikapotea, maua yakapotea. Juu ya kola iliyochanika ukabaki uso tu.

"Babu amevaa," Abeli akasema.

"Amevaa," Bibi akaitikia. Akainyoosha kola kwa kidole, ingawa haikuwa ya kunyooka. "Sisi hatukupigwa pamoja hata siku moja. Harusi yetu ilikuwa na ngoma na pombe, mpiga picha hakuwepo. Mume wangu, njoo uishike hiyo simu. Huyu mwingine mikono imemwisha."

Devota akamkabidhi Silvano simu.

"Bibi, hubadilishi kitenge?" Mjomba akauliza. "Hicho kina unga."

"Na mimi nina unga."

Akaketi kando ya kigoda, akaweka mkono juu ya bega la shati. Tumsifu akasimama upande wa pili, Abeli akakaa miguuni. Devota akasogea pembeni asiharibu.

"Unakwenda wapi? Mke mdogo naye anaingia. Na hayo majivu yako usoni usifute."

Silvano akapiga magoti. "Bibi, cheka kidogo."

"Nicheke nini, mimi nauza duka?"

Hapo Tumsifu, ambaye tangu mchana alikuwa anajaribu kimyakimya, akagonga ulimi, mlio ukatoka sawasawa, mkavu, bila tone la mate. Bibi akageuka kwa mshangao akacheka kwa mdomo wazi, na Tumsifu akayaona meno. Yalikuwa manne. Simu ikalia kachaa.

Bibi aliiangalia ile picha kwa muda, simu ameishika mbali kama kioo.

"Ikuze," akasema. "Lakini usiingoje siku yangu. Ikuze wiki hii hii, mniletee niikague mwenyewe. Nikikuta tai, mtarudi nayo."

Walichelewa kuondoka kwa saa nzima. Ludovick alipiga simu mara tatu, na njiani, licha ya sharti, Abeli alikula zabibu ndani ya gari.

Jumatatu, baada ya chapati za asubuhi kuisha, Devota alikwenda studio. Kijana alikuwa yuleyule.

"Nimekuelewa, Mama," akasema, kashaanza kubofya. "Babu tunamtoa hilo shati tunampa suti. Bibi tunampangusa unga. Na wewe hapa shavuni una uchafu."

"Usiguse kitu."

"Hata hii kola?"

"Hiyo ndiyo usiiguse kabisa."

Kijana akamtazama, akaona anamaanisha. Safari hii Devota hakukaa kwenye benchi la wateja. Alisimama nyuma ya bega lake mpaka karatasi ikatoka kwenye mashine, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama yote, kuanzia juu mpaka chini, kifungo cha bluu kikiwemo. Ndipo akatoa simu, akampigia Ludovick kumuuliza kama gari lina kazi Jumamosi.