Riziki wa Mawimbi ya Erie

Asubuhi nimepiga simu yako, Riziki. Nilijua hutapokea, ila mkono umezoea.

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na hapa Buffalo, mlichosikia ni kweli. Riziki wetu ametutoka. Na jamani, hakufa maji! Ni presha, ilimwangusha kiwandani Tonawanda katikati ya shifti. Naumia, siwezi kuficha.

Tulijuana Louisville, tukipanga mizigo warehouse. Mimi Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, yeye Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini. Akanicheka eti naongea kama mtangazaji wa redio. Nami nikakicheka Kiswahili chake cha Kivu. Undugu ukaanzia hapo.

Alipohamia Buffalo akanivuta. "Bon, kuya huku. Kuko kazi, na kuko ziwa." Mimi na maji wapi na wapi! Nilifuata kazi.

Ile hadithi ya ubatizo wengi mnaijua, lakini acheni niirudie. Kanisa letu hubatiza ziwani. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, sisi bado tunaimba mchangani, na kule mbele vichwa vyeusi vinaibuka na kupotea kwenye mawimbi. Riziki, ndani ya suti yake ya Jumapili, akapiga kelele: "Mutu anakufa mu maji na sisi tuko naimba!"

Akaruka. Akamkamata mzee mmoja wa Kimarekani mguu, akamburuta hadi nchi kavu. Kumbe mzee hazami! Alikuwa amelala kwenye ubao wake anasubiri wimbi ateleze nalo, surfing yake ya kila mwaka upepo wa vuli ukianza. Oh my God, tulivyocheka!

Riziki hakucheka. Alikuwa anamuuliza mzee kwa Kiswahili kama yuko mzima.

Wachache mnajua kwa nini. Walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, mdogo wake alianguka kutoka kwenye boti, na hakuna aliyeruka.

Yule mzee, Dale, hakukasirika. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na ubao, pamoja na nguo nyeusi ya mpira ya kuvalia majini, na kofia yake. Akasema mtu anayeruka hivyo afadhali ajue kuogelea. Basi mtu wa milimani akajifunza kuteleza juu ya mawimbi ya Ziwa Erie, kwenye baridi ambayo mimi hata taka sitoki kutupa.

Dale na wazee wenzake wa mbao wana desturi yao waliyoachiwa na baba zao. Hakuna anayeingia majini kama mchangani hakuna mtu wa kuwatazama. Na mtazamaji haondoki mpaka wa mwisho atoke, na kila anayetoka anapewa kitu cha moto.

"Weye baki kwa muchanga, utuangalie," Riziki aliniambia. Nilikubali haraka kuliko ninavyokubali overtime. Nikawa mtu wa macho na chupa ya chai. Siku hizi wazungu wale kabla ya kusalimia wanauliza kama nimeweka tangawizi.

Halafu tukasikia wenye majumba mapya ya kando ya ziwa wanataka kujaza mawe pale, wajenge ukuta. Dale alituambia mawe yale yataua mawimbi na ufukwe utafungwa. Riziki alikosa raha kabisa, hata kwenye break alikuwa anaongelea ukuta.

Akasimama kwenye mkutano wa mji, binti yake Gloria akitafsiri. "Hapa njo tunabatiza batoto yetu. Hawa bazee banacheza hapa tangu zamani ya baba yao. Donc, mukiweka mawe, batoto betu batakuja kuona nini?"

Gloria, ambaye nyumbani humjibu baba yake kwa Kiingereza tu, alitafsiri huku machozi yanamtoka.

Uamuzi ulitoka Riziki akiwa hospitali, hasemi. Gloria akamwinamia sikioni: "Papa, habatajenga." Kwa Kiswahili. Nikaona ukope wa Riziki umecheza. Daktari aseme anachotaka, mimi niliuona.

Jana, Riziki, wenzako waliingia majini kukuaga, wakakaa duara juu ya mbao zao. Gloria alikaa kwenye ubao wako, Dale ameushika asiyumbe. Kwaya iliimba mchangani, na upepo ulikuwa ule ule wako.

Mimi nilisimama mahali pangu. Wakatoka mmoja mmoja, nikawapa chai, mpaka wa mwisho akatoka. Watu wakaanza kwenda kwenye magari. Mimi miguu ikakataa, nimeshika kikombe natazama maji, kwa sababu wewe sijakuona ukitoka.

Msalimie mdogo wako. Mwambie sasa kuna watu wanaoruka.

Lala, ndugu yangu. Huku mchangani nipo.