Nilichagua Hoteli kwa Kuangalia Milango, Mama Mkwe Akanikuta na Taulo

Nimekosa jamani, na sina wa kumsingizia. Mke wangu aliniapisha nisimwambie mtu anayetufahamu, lakini ninyi hamnifahamu, na nikiendelea kukaa na jambo hili tumboni nitapasuka. Kila nikilikumbuka nacheka mpaka machozi, halafu machozi yenyewe yanageuka yanakuwa ya kweli.

Mimi ni fundi seremala, Mnyamwezi wa Usoke. Naishi Dodoma na mke wangu na mtoto wetu wa kiume. Mtoto nitamwita Maganga, siyo jina lake. Wakati wa mkasa huu alikuwa na mwaka na miezi minne. Anatembea kama mlevi, anapanda kila kitu, na akinyamaza ujue kuna kitu kinaharibika.

Mama mkwe anakaa Tabora mjini, Isevya. Alikuwa hajawahi kumtia mjukuu wake machoni. Kila tukipanga safari inavunjika, mara kazi, mara homa, mara mvua. Safari hii nikasema liwalo na liwe, tunakwenda.

Sasa, kwa wasiojua, kwetu mkwe ni moto. Mama mkwe humwangalii usoni, huli naye sinia moja, na kulala chini ya paa lake ndiyo usahau kabisa. Mkikutana njiani, unapisha pembeni. Siyo chuki, ni heshima. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu hajalegeza hata uzi mmoja, na mimi namheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo yeye mwenyewe alishatafuta njia. Akampigia mke wangu simu: "Mwambie baba Maganga nimemwombea chumba kwa jirani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Kimefagiliwa, kina chandarua, na mtoto nimemwekea besheni lake."

Mimi nikavimba! "Fundi mzima nikalale chumba cha kuombewa? Watu wa Isevya watanionaje? Tunakwenda hotelini!"

"Hotelini na mtoto huyu?" mke wangu akauliza. "Umewauliza kama wana uji? Umewauliza ni ghorofa ya ngapi?"

"Nimeona picha," nikamjibu.

Na kweli nilikuwa nimeziona. Wenzangu wakichagua hoteli wanaangalia kitanda, choo, usafi. Mimi niliangalia milango! Mninga mtupu, wallahi, siyo zile mbao za kubandika. Nilikuza picha kwenye simu mpaka nikaona mishipa ya mti. Makomeo ya shaba mawili kila mlango, moja juu, moja chini. Nikasema fundi aliyefanya kazi hii ni mtu, na mimi nitalala nyuma ya mlango wake. Nikalipia siku tatu papo hapo.

Tukafika Ijumaa jioni. Chumba kiko ghorofa ya tatu, ngazi zimewekwa marumaru zinateleza kama bamia, na Maganga kila ngazi anataka kuishuka mwenyewe. Meza yenyewe ni ya kioo. Shuka nyeupe pee! Dakika kumi hazijaisha, shuka ile ikawa na ramani ya ndizi. Mke wangu alinitazama tu, na ninyi mliooa mnajua mtazamo ule.

Pale mapokezi alikuwepo dada mmoja Mzaramo. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi akapiga kofi mezani: "Mtani wangu huyo! Leo umekuja kulala, hukuja kubeba mzigo?" Basi ikawa vicheko. Sisi na Wazaramo tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa mguu mpaka pwani, tunatukanana bila kugombana.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama mkwe alikuwa ameita mashangazi, majirani na wanakwaya wenzake saa nne asubuhi, waje wampokee Maganga. Mke wangu akatangulia saa moja kwenda kusaidia kupika. Akaniachia maagizo mlangoni: "Muogeshe, mnyweshe uji, mvalishe lile shati la njano. Na usimwache peke yake hata dakika moja."

"Kwani mimi siyo baba yake?" nikasema. Loh!

Nikaoga mimi kwanza. Nikajifunga taulo la hoteli, na taulo lenyewe lilikuwa la kufutia uso, sijui walimnunulia nani. Besheni la kumuogeshea mtoto hakuna, kuna bafu lile refu la kulala kama mtumbwi. Nikafungulia bomba. Yakaja maji ya baridi, yanakuja tu, ya moto hayaonekani. Nikasema nitoke hapo mlangoni nimwite mhudumu, hatua mbili tu, narudi.

Nikatoka. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili.

Nyuma yangu mlango ukafanya pwaa! Halafu kwa chini nikasikia: kre!

Lile komeo la chini! Komeo nililolisifia kwenye picha! Lilikuwa usawa wa kifua cha mwanangu, limepakwa mafuta vizuri, linateleza kwa kidole.

"Maganga!"

"Baba!" akajibu kwa ndani, akacheka kicheko cha ushindi.

"Fungua, mwanangu."

Kimya. Na nyuma ya kimya hicho nikasikia bomba linamwaga maji bafuni. Mlango wa bafu nilikuwa nimeuacha wazi. Bafu linajaa, na mtoto wangu anapanda kila kitu.

Ndugu zangu! Nguo zangu ziko ndani, simu yangu iko ndani, mwanangu yuko ndani na maji, mimi niko nje na kitambaa kiunoni. Nikapiga kelele ghorofa nzima ikatoka.

Dada Mzaramo akapanda mbio na ufunguo wa akiba. Ufunguo ukazunguka vizuri tu, mlango haukusogea. Nikarudi nyuma nikaupiga bega. Nikaupiga tena. Mninga ni mti wangu, nimeuranda miaka kumi na mbili, naujua. Ule mlango ulikuwa unataka shoka na nusu siku.

"Mtani!" dada akapiga kelele. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, wewe mlango mmoja unakushinda?"

Lakini utani ule alikuwa anajitania mwenyewe asilie. Nikamwambia: "Dada, kafunge maji ya jengo zima!" Akashuka ngazi mbili mbili.

Maji yakaanza kutoka chini ya mlango, yakanilowesha vidole vya miguu. Mimi na wageni wawili wa chumba cha jirani tukawa tunaita kwa zamu: "Fungua! Vuta! Siyo hapo, chini! Maganga, vuta!" Mtoto hajibu. Nilipiga magoti kwenye maji nikaanza kuomba sala ambayo hata mwisho wake siujui.

Mara simu yangu ikalia mle ndani. Ikalia, ikakatika katikati. Halafu nikamsikia Maganga: "Ayo! Mama! Maji!"

Amepokea! Mtoto amepokea simu! Nikashukuru Mungu, maana mwenye kupokea simu yuko hai. Na mke wangu kule Isevya akasikia yote: mtoto, maji, na baba mtu anavyolia kwa mbali, "Fungua mwanangu nakuomba!"

Isevya siyo mbali. Walikuja na bajaji. Nilisikia viatu kwenye ngazi, nikainuka kumpokea mke wangu. Aliyetangulia hakuwa mke wangu.

Mama mkwe!

Jamani! Mimi nimelowa, nina taulo la kufutia uso, nina ndevu na kitambi, na mbele yangu amesimama mama aliyemzaa mke wangu. Nikataka ardhi ipasuke, lakini tulikuwa ghorofa ya tatu. Nikajificha nyuma ya pazia la korido. Pazia lilikuwa jepesi la kuonesha.

Mama akajifunika uso kwa kanga mpya aliyokuwa ameitupia begani, akaja akipapasa ukuta.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka kwenye pazia.

"Marahaba baba. Sikuoni."

"Asante mama."

"Sikuoni kabisa. Mtoto yuko wapi?"

"Ndani, mama. Amejifungia komeo la chini."

Wale wageni wawili na mimi tukaanza tena, "Fungua! Vuta!" Mama akainua mkono. "Nyamazeni. Mnamfokea mwenye nyumba?"

Tukanyamaza. Akakaa chini, kwenye maji yale yale, na kitenge chake cha kanisani, akaweka mdomo karibu na mlango. Akasema taratibu, kama mtu aliyekuja kutembea tu:

"Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe! Hodi humu ndani!"

Chapu, chapu, chapu. Nyayo ndogo kwenye maji. Halafu sauti niliyoifundisha mwenyewe sebuleni kwetu Dodoma, kila jirani akija, kila siku ya Mungu, ikasema:

"Kaibuuu!"

"Asante mjukuu wangu. Mimi mgeni, nimefika. Nifungulie basi mlango."

Kre!

Nusu saa nzima nilimwamuru, nikamsihi, nikamtishia, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kubisha hodi!

Mimi sikusubiri. Nilitoka kwenye pazia kama risasi, nikausukuma mlango, nikamnyakua mwanangu. Amelowa chapachapa, mzima wa afya, simu yangu imo mdomoni. Nikamkumbatia, nikalia kwa sauti. Kumbe taulo limebaki kwenye kitasa.

Korido nzima ikapiga yowe. Mke wangu akapiga yowe. Dada Mzaramo, ndiyo kwanza anarudi kutoka kufunga maji, akapiga yowe kuliko wote.

"Sikuoni!" mama mkwe akapaza sauti, amegeukia ukuta. "Baba Maganga, mimi sikuoni!" Akaivua ile kanga mpya, akanirushia kinyumenyume bila kugeuka. "Jifunge hiyo."

Nikajifunga. Dada Mzaramo akaja, akalisoma jina la kanga kwa sauti, maana watani hawana huruma: "KARIBU MJUKUU WANGU." Akaanguka kwa kicheko. Wageni wakacheka, mke wangu akacheka huku analia, na mama mkwe mabega yake yalikuwa yanatikisika kule ukutani. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika mlango.

Nilicheka kwa sababu sikujua. Mke wangu aliniambia jioni. Kanga ile mama aliinunua siku Maganga alipozaliwa. Aliitunza sandukuni mwaka mzima na miezi minne, haijafuliwa, haijavaliwa, akisubiri siku ya kumbeba mjukuu mgongoni na kuingia naye nyumbani kwake mbele ya watu wake. Asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni nayo begani simu ilipopokelewa na mtoto. Alikuja mbio nayo hivyo hivyo.

Na nguo aliyojifunga mkwe hairudi kwa mama mkwe. Kwetu haiwezekani. Mpaka tumalize kukausha chumba na kulipia hasara, Maganga aliingia kwa bibi yake mgongoni kwa kile kitenge kilicholowa, saa saba mchana, wanakwaya wameshaondoka na wali umepoa.

Mashangazi wakanikalia kikao, nikatozwa mbuzi wa kuondoa aibu. Mbuzi nilimtoa siku hiyo hiyo, tena jike. Lakini kanga ile siwezi kuilipa. Nilinunua nyingine, mama akaipokea kupitia kwa mke wangu, akashukuru sana. Anaivaa akienda sokoni.

Hoteli nikaihama siku hiyo hiyo, nikaenda kwenye kile chumba cha kuombewa. Chumba kimoja, cha chini, sakafu ya saruji, mlango wa mbao hafifu ambao ningeuona dukani kwangu ningeucheka. Nikaufunga, nikatafuta komeo la chini kwa mkono. Halipo. Yapo matundu manne ya misumari na alama nyeupe lilipokuwa. Nikamuuliza jirani.

"Mama mkwe wako alikuja na fundi wiki iliyopita," akasema. "Alisema lipandishwe juu, kuna mtoto anakuja."

Nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Mama ambaye hajawahi kushika randa! Alilipima komeo kwa urefu wa mtoto ambaye hajawahi kumwona. Mimi, fundi, baba mtu, ninayelala naye kitanda kimoja, nilikuza picha kwenye simu nikaishia kuona mishipa ya mti.

Basi nawaonya, wazazi wenzangu, hasa sisi akina baba tunaopenda kuonekana. Ukichagua hoteli na una mtoto mdogo, usidanganyike na picha. Uliza chumba cha chini. Uliza besheni, uliza uji unapikwa mpaka saa ngapi. Ukifika, kabla hujatua begi, piga magoti, ujifanye una mwaka na miezi minne, utambae chumba kizima uone mkono wako unafika wapi. Watakucheka, waache wacheke.

Lakini kama mji huo una bibi yake, na bibi ameshakwambia chumba kipo, wewe usiulize hoteli ina nini. Kazi hiyo ameshaifanya mtu. Nenda kwa bibi.