Fundi makochi anayepaka gitaa chaki kabla halijapanda ndege

Saa mbili asubuhi, fundi makochi anapaka gitaa chaki.

Ni chaki bapa ya bluu, ile ambayo mafundi cherehani huchorea kitambaa kabla ya kukikata. Anaisugua nyuma ya kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, mpaka ubao wa kahawia unageuka bluu. Kisha analilaza gitaa taratibu ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa cheupe pee.

Mwenye gitaa amesimama mlangoni, koti mkononi, uso wa mtu anayetazama mwanawe akichomwa sindano.

"Mjomba, usinisimamie hivyo," fundi anamwambia bila kugeuka. "Utanikosesha."

"Mimi nimesimama tu, mwanangu. Au mlango nao unalipiwa?"

Fundi huyu mtaa mzima unamwita Mama Sponji, na hata mabinti zake wawili wakimtania humwita hivyo. Ana miaka arobaini na moja. Karakana yake ni chumba kimoja kilichoongezwa kibanda cha mabati kwa mbele. Makochi matatu yaliyovuliwa nguo yameegeshwa ukutani, na mabaki ya sponji yamejaa mpaka chini ya cherehani. Mgeni akikosa kiti hukalia gunia la mabaki hayo, na mwandishi wa makala haya anathibitisha kwamba kuinuka humo ni kazi.

Makochi ndiyo yanayomlisha. Mwezi ukiwa mzuri hupata seti sita au saba za kutengeneza. Masanduku ya magitaa hayazidi mawili kwa mwezi, na bei ya moja haifikii ya kiti cha mtu mmoja.

"Ukitaka kujua kwa nini nahangaika nayo, usiulize hesabu," anasema. "Muulize huyo hapo mlangoni."

Huyo hapo mlangoni ni kaka wa marehemu mama yake, mwenye miaka sitini na saba. Alimchukua Mama Sponji akiwa na miaka tisa, akamlea. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga gitaa katika bendi ya dansi, na karo yote ya mpwa wake katika chuo cha ufundi ilitoka kwenye harusi alizokuwa akipiga Jumamosi na Jumapili. Gitaa ni lilelile, hajawahi kuwa na jingine.

Miaka miwili iliyopita mjomba alialikwa kupiga katika mji ambao haufikiki ila kwa ndege. Mpwa wake akajitolea kumtengenezea sanduku, la kwanza maishani mwake. Alichagua sponji laini kuliko zote alizokuwa nazo, ile anayowawekea wateja wenye pesa zao, akaipanga tabaka mbili.

"Nikajitapa," anasema, na hapo anaacha kufanya kazi. "Nilimwambia hata likidondoka kutoka ghorofani, halitapata kitu. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu."

Mjomba alifika, akalifungua sanduku mbele ya wenyeji wake. Nje halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndani, kichwa cha gitaa kilikuwa kimekatika na kuning'inia kwenye nyuzi.

Hakumpigia simu kumgombeza. Alirudi, akaliweka sanduku juu ya meza hii hii na kusema, "Limechoka, mwanangu." Fundi wa magitaa aliliunga kwa gundi likapona, lakini tangu siku hiyo mjomba hakuvuka nalo mipaka ya mji. Mialiko miwili ilikuja, yote akaikataa kwa kusingizia mgongo.

"Mgongo wake ni mzima kuliko wangu," anasema Mama Sponji. "Angenifokea ningelala. Ule upole wake ndio ulioniua."

Mwingine angenunua sanduku la dukani na mambo yakaisha. Mama Sponji alitaka kujua. Sanduku ni zima, gitaa limevunjika: kivipi?

Bahati ikamletea mteja ambaye ni mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege. Mwanamume huyo bado anacheka anapokumbuka siku hiyo. "Nilikwenda kuulizia kochi langu, nikahojiwa kama mshtakiwa. Mnalibebaje? Mnalilaza upande gani? Likidondoka, linadondoka kutoka wapi?"

Majibu yake yalikuwa ya kweli, ingawa hayakupendeza. Kibandiko cha kuomba mzigo ushikwe taratibu, anasema, wanakiona kila siku mpaka macho yamekizoea. Sanduku la gitaa hulazwa chali. Likiteleza, huanguka kwa mgongo, kutoka usawa wa kiuno. "Hatutupi kwa chuki, mama. Mvua inanyesha, ndege inataka kuondoka, na mizigo ni mia mbili."

Basi Mama Sponji akachonga gitaa la uongo kwa mabaki ya mbao, akalipa uzito wa lile la kweli, akalibatiza Bwana Harusi. Kila jioni baada ya kazi alimfungia Bwana Harusi sandukuni, akampandisha usawa wa kiuno na kumwachia. Majirani walikuwa wakisikia kishindo, kisha sauti ya mwanamke: "Amekatika kichwa tena!" Mmoja alikuja kugonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Vichwa kumi na vitatu vilikatika. Aliongeza sponji, vikakatika. Alizidisha ulaini, vikakatika upesi zaidi. Jioni moja, akiwa amechoka, alimfunga Bwana Harusi bila kufuta chaki aliyoichora kichwani wakati wa kupima. Alipofungua baada ya kishindo, akaona alama ya chaki kwenye sakafu ya sanduku, chini kabisa, penye upenyo kati ya sponji, mahali ambapo alikuwa na hakika kichwa hakiwezi kufika.

"Nikakaa chini," anasema. "Mimi ni fundi makochi. Kazi yangu miaka yote ni kumfanya mtu azame. Mteja akikaa akazama, anatabasamu, ananilipa. Sasa na gitaa nililifanyia hivyohivyo. Likazama mpaka kichwa kikagonga ubao. Nililivunja kwa kulipenda."

Alianza upya. Sponji ngumu, ile ya mabenchi, ikashika tumbo la gitaa lisichezecheze. Shingo ikapata kitanda cha mbao kilichochongwa kwa kipimo chake na kuvishwa kitambaa. Chini ya kichwa akaacha nafasi, na pembeni akajaza vitambaa vyepesi. Nyuzi hulegezwa mizunguko kadhaa, kwa sababu zikikazwa hukivuta kichwa muda wote. Kisha chaki. Kitambaa kikibaki cheupe baada ya kuangushwa, kichwa hakikugusa kitu. Mpaka leo hakuna sanduku linalotoka hapa bila kupita mtihani huo, na wanamuziki kadhaa wamesharuka na masanduku yake salama. Mmoja tu ndiye aliyekuwa hajakubali.

Mwezi uliopita mjomba akakubali. Bendi yake ya zamani, waliobaki watano, wanakutana kwa siku tatu, na wawili kati yao ni wagonjwa. Safari hii hakuusingizia mgongo.

Saa nne tuko uwanja wa ndege, kaunta ya mizigo. Mjomba anaomba aingie na gitaa ndani. Binti wa kaunta anamjibu kwa adabu: "Ndege ni ndogo, mzee. Makabati ya juu hayapokei sanduku refu hivi. Litakwenda chini na mizigo."

"Safari ile pia walisema hivyo," mjomba anasema, na mkono wake hauachii mpini. Nyuma yetu foleni inakohoa. Anamgeukia mpwa wake na kumngoja.

Nilidhani atamwapia kwamba halitavunjika. Hakuapa.

"Leo sikuahidi kitu, Mjomba," anasema. "Nimeliangusha sanduku hili mara ishirini na sita. Zaidi ya hapo sijui."

Mzee anaachia mpini, na sanduku linatambaa na mkanda mpaka linapotelea nyuma ya mapazia ya mpira.

Mchana huo Mama Sponji hafanyi kazi ya maana. Anapiga stepla ukingo wa kiti, anaing'oa, anaipiga tena palepale. Saa nane na dakika ishirini simu inaita. Anaiweka spika na kuilaza mezani.

"Tumefika, mwanangu."

"Umefungua?"

"Bado. Nimekaa nalo kwenye benchi hapa, karibu na mkanda wa mizigo. Nilitaka uwepo."

Tunasikia komeo la kwanza likifunguka. La pili. La tatu linagoma kidogo, nalo linafunguka.

"Mjomba?"

"Kitambaa ni cheupe."

"Kote?"

"Kote. Bluu yote imebaki kichwani kwake."

Kisha, bila kuonya, anapitisha kidole kwenye nyuzi zote sita. Zilikuwa zimelegea, na mlio uliotoka ulikuwa mbaya sana, wa kukoroma, pengine mbaya kuliko wowote uliowahi kutoka kwenye gitaa hilo. Mama Sponji amejifunika uso kwa kipande cha sponji, anacheka huku analia.

"Kaza nyuzi, Mjomba, unatuaibisha!"

"Ngoja kwanza," sauti inajibu. "Acha nilisikie hivihivi." Na anazipiga tena.

Simu ilipokatika nilimuuliza anataka nini sasa. Nilitegemea anitajie karakana kubwa zaidi, na alisema hata hiyo angeipenda. Lakini kwanza anaweka akiba ya tiketi, kwani hajawahi kupanda ndege. Safari ijayo ya mjomba anataka waende wote.

"Yeye akae dirishani aangalie mawingu," anasema, akifuta chaki vidoleni. "Mimi wanipe kiti kilicho juu ya mizigo. Nataka niwasikie wakilipakia."